Tathmini ya huduma: siku tatu za kupanga matumizi ya msitu wa shehia

Kwa makatibu wenzangu wa kamati za uhifadhi ambao wanafikiria kukodi wataalamu wa kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi na msitu wa jamii, naandika yale tuliyoyaona sisi, shehia iliyo pembezoni mwa Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka. Kampuni tuliyoikodi ni ndogo na ina ofisi mjini. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa bado tuna shughuli nayo. Tulilipa shilingi 1,800,000 kutoka mfuko wa kamati kwa kazi ya siku tatu, pamoja na ramani na rasimu ya mpango.

Mpango wa aina hii una uzito wa kisheria. Sheria ya misitu ya Zanzibar, Namba 10 ya mwaka 1996, ndiyo iliyoruhusu jamii kukabidhiwa usimamizi wa msitu kwa mkataba na Serikali, na mkataba hauendi bila ya kuonesha wapi panahifadhiwa, wapi panakatwa fito na kuni, na kwa masharti gani. Akikosea mchora ramani, anayekamatwa na mzigo wa kuni ni jirani yako.

Siku ya kwanza ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Badala ya kutuhutubia, walituonesha mfano wa mbali kabisa: Pimachiowin Aki, eneo la misitu ya baridi ya kaskazini nchini Kanada, kwenye mpaka wa majimbo ya Manitoba na Ontario. Lina ukubwa wa kilomita za mraba 29,040, yaani zaidi ya mara kumi ya Unguja na Pemba kwa pamoja, na wenyewe ni jamii nne za Waanishinaabe, wenyeji wa asili wa kule: Bloodvein River, Little Grand Rapids, Pauingassi na Poplar River. Jina lake maana yake ni ardhi itoayo uhai. Wazee wa kule walikaa na wachora ramani wakaeleza njia za mitumbwi, maeneo ya kila ukoo ya kutegea wanyama, mahali pa samaki na mahali patakatifu, na mipango ya ardhi ikajengwa juu ya maelezo hayo. Mtaalamu alipomtaja caribou, kulungu wa nchi za baridi ambaye kupungua kwake huwa dalili kwamba msitu umekatwakatwa, alilitamka jina kwa namna ambayo ukumbi mzima wa skuli uliitikia "Starehe!" Alicheka na yeye, na tangu hapo watu wakawa huru kusema.

Kuna sehemu moja ya mfano huo aliyoipita haraka, na mimi nimeisoma baadaye kwa wakati wangu. Waanishinaabe wale waliomba eneo lao litambuliwe kuwa Urithi wa Dunia, na mwaka 2013 maombi yakarudishwa, kwa sababu vigezo vya UNESCO vilitenganisha utamaduni na maumbile ilhali kwao hivyo ni kitu kimoja. Walipokuwa karibu kufanikiwa mwaka 2016, jamii ya tano iliyokuwa pamoja nao katika maombi, Pikangikum, ikaondoa ridhaa yake. Kikao kikaahirishwa, mipaka ikachorwa upya bila ya ardhi ya Pikangikum, na eneo likaandikishwa mwaka 2018. Hakuna aliyeamua kwamba kwa kuwa wanne wamekubali, wa tano ameshakubali. Laiti wataalamu wetu wangetulia hapo kwa nusu saa, siku ya pili isingetuharibikia.

Siku hiyo tulitembea msituni na uwandani, yaani kwenye ardhi ya jiwe. Kijana wa kampuni alibeba kifaa cha GPS cha kusomea majira ya nukta, na mkononi alikuwa na ramani iliyokwisha kupakwa rangi mjini: kijani kwa hifadhi kamili, manjano kwa matumizi. Tulipofika penye mikindu, bibi mmoja ambaye anasuka mikeka tangu hajaolewa aliinama, akakunjua chane moja ya ukindu akatuonesha palipokatwa juzi, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, hapa nilikuja na mama, sasa naja na wajukuu. Hicho kijani kimetoka wapi?" Kijana alijibu kwamba rangi zinaweza kubadilishwa baadaye. Jibu hilo halikumridhisha mtu, na kwa haki, kwa sababu mpango shirikishi unaoanza na rangi umeshamaliza ushirikishwaji kabla ya watu kufika. Wakataji fito, warina asali na wenye makonde ya mtama na choroko nao waliona maeneo yao yamegawiwa vivyo hivyo. Mwenzangu mmoja, ambaye kima punju humlia shamba kila msimu, alitaka ramani ioneshe punju wanapotokea. Aliambiwa hilo ni suala la fidia wala si la ramani.

Kuhusu ubora wa ramani yenyewe sina lawama. Visima, makaburi, mapango yenye maji na njia za kwendea pwani vyote vimo, na vimekaa mahali pake.

Rasimu ya maandishi ndiyo iliyotushangaza. Ilikuja kwanza kwa Kiingereza, tukaisubiri ya Kiswahili kwa wiki mbili, na ilipofika ilikuwa na aya nzima inayoshauri kwamba moto wa asili uachwe uendelee, kwa kuwa joto hufungua makoni ya misonobari na kuachia mbegu. Hilo ni kweli kwa baadhi ya misonobari ya Kanada, ambako moto ni sehemu ya maisha ya msitu. Kwetu hakuna msonobari hata mmoja unaousubiri moto. Moto wa uwandani hutokana na kusafisha konde au kufukuza nyuki, na udongo wenyewe juu ya jiwe ni mchache mno kiasi kwamba kinachoungua huchukua miaka kurudi. Aya hiyo ingepita, tungeipeleka Serikalini tukiwa tumetia saini ruhusa ya kuchoma msitu. Mfano wa kigeni ni wa kufundishia namna ya kukaa na watu. Kunakili masharti yake ni jambo jengine.

Kasoro ya mwisho ni ya umiliki. Tumepewa ramani iliyochapwa, lakini faili lake limebaki kwa kampuni, na tulipoliomba tulitajiwa bei nyengine. Kanada wana kanuni zinazojulikana kwa kifupi cha OCAP, zilizoasisiwa mwaka 1998, zinazosema kwamba taarifa za jamii za asili zinamilikiwa, zinaongozwa na zinatunzwa na jamii zenyewe. Kampuni iliyotuletea mfano wa Kanada ilipaswa kuuleta mpaka hapo.

Kwa haki yao, baada ya malalamiko walirudi bila ya malipo ya ziada, wakakaa barazani kwa Sheha mchana kutwa, na safari hii wakachora baada ya kusikiliza. Mikindu sasa iko katika manjano, kwa sharti la kutokata kuti changa la kati, sharti ambalo wasukaji walilitoa wenyewe. Aya ya misonobari imefutwa. Nawapa alama tatu katika tano. Atakayewaita aandike katika mkataba, kabla ya kulipa, kwamba ramani haipakwi rangi mjini na kwamba faili ni mali ya kamati. Sisi hatukuandika, na barua yetu ya tatu ya kulidai tumeipeleka Jumatatu iliyopita.