Fleti ya ghala la zamani Kirumba: nyumba nimeipenda, hati siipendi

Mimi ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Mwaloni Kirumba, soko la ufukweni jijini Mwanza, na nakaa Igoma. Kila siku natoka nyumbani alfajiri, giza bado halijaachia, kwa hiyo tangazo la fleti mwendo mfupi kutoka sokoni lilinivuta. Jengo lilikuwa ghala, sasa wamelikata fleti sita. Ninayoizungumzia ni ya juu kabisa, milioni 165, maelewano yapo.

Fundi aliyeshika kazi hii anaijua. Kuta nene za zamani kaziacha zilivyo, kazisugua tu na kuzipaka chokaa. Dari liko juu sana, na upande wa nyuma wamejenga ghorofa ndogo ya mbao juu ya vyuma, ndiyo chumba cha kulala. Ngazi yake ya chuma haitikisiki hata ukipanda na mzigo, ila imesimama mno. Mama yangu mwenye magoti mabovu hawezi kuipanda. Sebule, jiko na bafu viko chini, na kila fleti ina luku yake, yaani mita ya umeme.

Dirisha kubwa la sebuleni linatazama ziwa, yaani magharibi. Asubuhi raha tupu. Kuanzia saa tisa alasiri jua linaingia lote, joto linapanda kule juu unakolala, na chini ya bati hawajaweka kitu zaidi ya jipsamu. Nyavu za madirisha nazo ni za mbu tu. Anayekaa ufukweni anawajua wale wadudu wadogo wanaotoka ziwani kama moshi; wakifuata taa usiku, tundu la aina hiyo wanapita bila shida. Nilifungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, maji yakatoka kwa nguvu. Lakini tenki la lita 5,000 kwa kaya sita ni dogo, mgao ukija litakauka mapema.

Sasa nisikilize vizuri wewe unayetaka kununua Kirumba. Dalali alinipeleka wakati wa mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa, kwenye giza. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi wanapumzika, mzigo kutoka visiwani unapungua, na mtaa unapoa. Mgeni ataondoka akidhani pametulia. Mimi nikarudi siku za giza, mwezi haupo, mzigo umejaa. Malori yalikuwa yanapakia chini ya dirisha, wabeba mizigo wanaitana, na mchana upepo wa ziwani ulileta harufu ya dagaa mpaka kitandani. Usiku upepo ukageuka, ukawa unatoka nchi kavu kwenda ziwani, harufu ikapungua sana. Kwangu hiyo ni harufu ya ada za shule. Kama kwako ni kero, nenda ukaone wakati huo, siyo wakati anaoupanga dalali.

Neno moja la dalali lilinichoma. "Mama, hawa wa dagaa wataondoka tu, hapa patakuwa kama Capri Point." Capri Point ni mtaa wa wenye pesa hapa Mwanza. Mtaa unabadilika kweli, tangu Rock City Mall ijengwe jirani kodi za fremu zimepanda. Lakini soko hili linalisha watu mpaka Kongo, na wanawake wengi wamejenga nyumba kwa magunia ya hapa. Anayeuza nyumba kwa kuahidi kwamba sisi tutafukuzwa asitegemee pesa zetu. Mlinzi wa getini, mzee wa Kisukuma, alinipokea kwa "mwangaluka mayu", yaani habari za asubuhi mama, na kunionyesha mpaka chumba cha pampu. Huyo ndiye aliyenifanya niitamani nyumba.

Tatizo kubwa ni karatasi. Muuzaji ana hati moja ya kiwanja kizima, mnunuzi anapewa mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa serikali ya mtaa. Hiyo haitoshi. Tuna sheria ya umiliki wa sehemu za majengo ya mwaka 2008: kila fleti inaweza kuwa na hati yake, pamoja na fungu lako kwenye ngazi, paa na uwanja. Bila hiyo, mwenye kiwanja akikopea hati ile akashindwa kulipa, benki inachukua jengo lote na wewe ndani. Fanya upekuzi kwa msajili wa hati kabla ya kutoa hata shilingi. Pia walitaka nilipe mimi ile kodi ya ongezeko la mtaji, asilimia 10 ya faida. Hiyo ni ya muuzaji. Ya kwangu ni ushuru wa stempu.

Nimemwambia dalali: hati ya fleti itoke kwanza, tenki la pili liwekwe, na bei ishuke mpaka 150 kwa ajili ya paa na nyavu. Wakikubali nanunua, na kitanda nitakiweka chini mpaka paa lishughulikiwe. Kwa mwenye watoto wadogo siishauri, kwa sababu kule juu ukingo una nafasi ambayo mtoto anayetambaa anapita.