Uzoefu wangu na ScotlandsPeople: nilivyomtafutia mama mkwe ukoo wake

Kama una damu ya Uskoti, au umeolewa huko kama mimi, na unataka kujua wazee walitokea wapi, anzia ScotlandsPeople kabla hujatoa hela popote pengine. Ni tovuti rasmi ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uskoti, yenye vyeti vya kuzaliwa, ndoa na vifo, sensa na rejista za kanisa, na unachokiona humo ni picha ya ukurasa wenyewe, mwandiko wa karani yule yule aliyekuwa na kalamu mkononi. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, naishi Dundee, mji wa Uskoti. Niliitumia kumtafutia mama mkwe wangu upande wa bibi yake mzaa mama. Alichokuwa anakijua ni kwamba bibi alifanya kazi kiwanda cha juti na hakupenda maswali ya zamani. Basi.

Kujisajili ni bure na kutafuta jina ni bure. Unalipa pale unapotaka kufungua picha. Nilinunua krediti (pointi za kulipia) 30 kwa pauni 7.50, na ukurasa mmoja wa cheti au wa sensa hula krediti 6, yaani pauni moja na nusu. Ukishaulipia unabaki kwenye akaunti yako, unaurudia utakavyo. Hakuna ada ya kila mwezi, na kwangu hilo ni jambo kubwa. Niliwahi kujiunga na tovuti nyingine ya kulipia kila mwezi, sitaitaja jina, nikakuta miti ya ukoo ambayo watu wamenakiliana bila kukagua. Kwenye mmoja mama alikuwa mdogo kuliko mwanawe. Hapa huletewi mti wa mtu. Unaletewa ushahidi, mti unaujenga mwenyewe.

Ujue pia mipaka: mtandaoni picha za vyeti vya kuzaliwa hufunguliwa baada ya miaka 100, vya ndoa baada ya 75, vya vifo baada ya 50. Sensa husubiri miaka 100, ndiyo maana ya karibuni kabisa ni ya 1921. Kwa hiyo hatua za kwanza utazipata nyumbani, kwenye vyeti vilivyotunzwa na wazee.

Nilianza na kifo, na nakushauri ufanye hivyo. Uskoti ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo kiserikali tarehe 1 Januari 1855, na waliotunga fomu zile walijua wanachokitafuta. Cheti cha kifo kinataja baba wa marehemu na kazi yake, na mama wa marehemu pamoja na jina la ukoo aliozaliwa nao. Karatasi moja, vizazi viwili. Na mwanamke haliachi jina lake kwenye rejista hizi hata akiolewa. Anabaki binti wa baba yake, kama Pwani kwetu. Anayetafuta bibi zake atashukuru.

Cheti cha kifo cha bibi wa mama mkwe, wa mwaka 1938, kilinipa wazazi wake. Cheti chake cha kuzaliwa cha 1872 kilinipa kitu kizuri zaidi: tarehe na mahali wazazi wake walipofunga ndoa. Maelezo hayo yamo kwenye vyeti vya kuzaliwa vya 1855, yakaondolewa, yakarudishwa mwaka 1861. Ukipata cheti cha kuzaliwa cha baada ya hapo huna haja ya kukisia ndoa, umeshaambiwa. Nikaruka moja kwa moja hadi cheti cha ndoa yao, Dundee, 1858. Bwana harusi baba yake alikuwa mfumaji wa kitani kwa mkono, ameshafariki. Bibi harusi alikuwa msokota nyuzi kiwandani, miaka 21. Mama yake ametajwa. Pa baba pameachwa wazi.

Hapo ndipo sensa zilipokuja kunisaidia. Sensa za Uskoti zinazosomeka jina kwa jina zinaanzia 1841, kila baada ya miaka kumi, ila ile ya kwanza isikuhadae: umri wa waliozidi miaka 15 uliteremshwa hadi namba inayogawanyika kwa tano iliyo chini yake, hivyo mtu wa miaka 34 anaandikwa 30, wala haisemi nani ni nani wa nani ndani ya nyumba. Ya 1851 ndiyo inayosema uhusiano, na inataja parokia aliyozaliwa mtu. Kwenye ukurasa wa Kirriemuir, kaskazini ya Dundee, nilimkuta bibi harusi yule ana miaka 14, anakaa na bibi yake mjane na mama yake ambaye hajaolewa. Wote watatu kazi yao ni nyuzi na kitani. Miaka kumi baadaye, sensa ya 1861, yuko Dundee na mume na watoto wawili na mdogo wa mume na mpangaji. Mwaka ule karani alitakiwa kuandika vyumba vyenye dirisha. Pembeni ya majina yale sita kuna namba moja tu: 1.

Mama mkwe aliiangalia ile moja muda mrefu kuliko picha nyingine yoyote niliyomwonyesha. Mtaa wenyewe tuliupata kwenye ramani za zamani za Maktaba ya Taifa ya Uskoti, ambazo ni za bure mtandaoni na zimechorwa kwa undani mkubwa. Tulihesabu hatua kutoka mlangoni hadi kiwandani kwa kidole.

Kabla ya 1855 unaingia kwenye rejista za kale za parokia, na hapa jipe subira. Ya zamani kuliko zote ni ya Errol, Perthshire, ya 1553, lakini parokia nyingi zilianza baadaye sana na zina mapengo. Hizi ni rejista za Kanisa la Scotland. Zinaandika ubatizo zaidi ya kuzaliwa, na kutangazwa kwa ndoa zaidi ya ndoa yenyewe. Mazishi ni machache, na mara nyingine kinachoandikwa ni malipo ya kukodi kitambaa cha kufunikia jeneza. Kati ya 1783 na 1794 kila ubatizo ulioandikwa ulitozwa kodi ya peni tatu, na wengi wakaacha kuandikisha. Halafu kuna waliojitenga na kanisa hilo mwaka 1733, na kundi kubwa lililotoka 1843 kuunda Free Church, yaani Kanisa Huru. Ukoo ukipotea ghafla, usidhani umekwisha. Yawezekana walisali kwingine. Rejista za Wakatoliki na za baadhi ya makanisa yaliyojitenga nazo zimo humo humo.

Kwenye majina uwe mpana. Janet huweza kuitwa Jessie kwenye karatasi inayofuata, Elspeth akawa Elizabeth au Betsy. William huandikwa Wm, James huwa Jas. Mc na Mac hubadilishana bila mpangilio. Pia desturi ya wengi ilikuwa mtoto wa kwanza wa kiume kupewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Si sheria, lakini imenisaidia kuchagua kati ya watu wawili wa jina moja. Zuri ni kwamba kwenye rejista za parokia matokeo ya bure huonyesha tarehe na majina ya wazazi, hivyo unachuja kabla ya kulipa.

Sasa nirudi kwenye ile nafasi tupu ya baba. Tangu 2021 huduma hii imeweka mtandaoni kumbukumbu za vikao vya wazee wa kanisa, na kuzisoma ni bure kabisa. Wazee hao walisimamia maadili ya parokia. Msichana akionekana mjamzito bila ndoa, aliitwa, akaulizwa baba ni nani, na jibu likaandikwa. Nyingi hazina faharasa ya majina, unafungua ukurasa mmoja mmoja kama mtu anayesoma daftari, na mwandiko ni mgumu. Lakini nilikuwa na mwaka na nilikuwa na parokia. Nikamkuta mama wa yule bibi harusi, mwanzoni mwa 1837. Aliitwa mbele ya mchungaji na wazee, akakiri, akamtaja kijana aliyekuwa akilima kwa farasi shamba alilofanyia kazi. Kijana aliitwa kikao kilichofuata, naye akakubali. Wote wawili walikemewa, ndipo mtoto akaruhusiwa kubatizwa. Kwenye rejista ya ubatizo jina la baba limo. Lililokosekana Dundee mwaka 1858 lilikuwa limeandikwa Kirriemuir miaka 21 nyuma.

Nilimsomea mama mkwe polepole. Akaniambia nirudie pale yule msichana anapowajibu wazee. Kisha akasema, "Alikuwa mtoto tu, na wanaume wote wale wamemzunguka." Sikuwa na la kuongeza. Akataka jina la kijana liandikwe kwenye mti kwa wino kama la mtu mwingine yeyote, nami nikaliandika.

Kwa bei niliyolipa, sijaona huduma ya nasaba inayoikaribia. Wenye babu Waskoti waliohamia nchi nyingine wajue kuna sehemu ndogo ya vizazi, ndoa na vifo vilivyoandikishwa nje ya nchi. Ijaribuni, ingawa si kila mtu alijiandikisha. Na ukifika Edinburgh, nenda kituo chao cha General Register House. Unalipa pauni 15 kwa siku na kufungua kurasa bila kuhesabu krediti, hata rekodi za karibuni ambazo mtandaoni hazijafunguliwa. Weka nafasi mapema, na nenda na orodha yako tayari imepangwa kwa mwaka na parokia, maana siku huisha upesi mno.