Land Rover 109 ya 1978: Jumapili hamsini na ushee

Nashona viti vya magari Unga Limited, Arusha, huu mwaka wa kumi na tisa. Nyundo yangu ya kazi ni ndogo, ya misumari ya viti, na kichwa chake kimoja kina sumaku ya kushikia msumari. Ndiyo niliyokwenda nayo Usa River kukagua Land Rover 109, Series III ya mwaka 1978, petroli, pikapu yenye turubai nyuma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kagua utakavyo. Hiyo ni chuma tupu."

Nikaweka sumaku kwenye bati la mlango, ikaanguka. Kwenye boneti, ikaanguka. Mzee akanitazama kama nimemfanyia kiinimacho. Lakini ndivyo inavyotakiwa. Land Rover ya kwanza ilipotoka mwaka 1948, Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita, mabati ya bodi yakatengenezwa kwa aluminiamu, na hawakuiacha hadi hizi Series III, ambazo zilitengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Ndiyo maana unaziona za umri wa babu zina mikunjo na michubuko tele, lakini milango haijatoboka.

Chini ni kinyume chake. Chesisi, ile fremu inayobeba gari zima, ni chuma, tena ni boksi lililofunikwa pande zote. Maji ya matope yakiingia humo yanakaa, na kutu inakula kutoka ndani huku nje panang'aa. Nikalaza gunia, nikaingia uvunguni, nikaanza kugonga. Ngo, ngo, ngo, sauti nzuri ya chuma kizima. Nilipofika springi ya nyuma kulia inapofungwa, ikasema bu. Nikaweka sumaku, haikushika kabisa. Hapakuwa na chuma pale, palikuwa na puti iliyopakwa rangi nyeusi, imelainishwa vizuri hata mimi fundi wa mambo ya kufunika nikaipa heshima yake.

"Hapo kijana alipiga rangi tu," mzee akasema.

Tulianzia milioni tisa, tukaishia saba na laki nne. Kukata sehemu iliyooza na kuchomelea bamba jipya nilitumia siku tatu na pesa niliyokuwa nimeiweka kwa bati la jikoni. Mama Neema bado ananikumbusha. Kwa hiyo anayetaka kununua asidanganyike na rangi ya kijani iliyokolea wala tairi mpya. Apige chesisi kwa nyundo kuanzia mbele hadi nyuma, na muuzaji akikasirika, ajue kuna mahali.

Injini ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, silinda nne, ujazo wa cc 2286. Hili nalisema kwa kujivuna kidogo, maana nyingi za hapa mjini zimeshatolewa injini yake na kuwekewa dizeli ya Kijapani. Siwalaumu wanaobebea mkaa na ng'ombe. Ila ukiifanyia hivyo gari ya kujifurahisha, umebaki na sura tu. Asubuhi ya baridi nikivuta choki, nikapiga stati, inashika mara ya pili na kutulia kwenye mngurumo mzito wa polepole ambao binti yangu anasema ni kama mtu anayesaga karanga chumba cha pili. Betri ikifa kuna handeli: unaichomeka mbele, unazungusha, gari inawaka. Vijana wa bodaboda wa pale mtaani kwetu huwa wanaacha abiria ili waone.

Sasa niseme kuhusu mlima wa Mto wa Mbu. Mwezi wa tatu tulikuwa tunakwenda Karatu, mimi, Mama Neema na mjomba wake, ambaye kwa umri wake alipewa kiti cha dirishani. Tambarare ya Makuyuni tuliikata vizuri, kilomita sabini kwa saa. Tukaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa, gia ya pili, ziwa Manyara likaanza kuonekana chini kushoto, na hapo injini ikakohoa. Nikarudisha gia ya kwanza, ikakohoa zaidi, kisha kimya. Nikaweka jiwe nyuma ya gurudumu.

Uzuri wa injini hii ni kwamba ina vitu vichache vya kushuku. Mafuta yalikuwa yanafika kwenye kabureta. Nikachomoa waya wa plagi, cheche ilikuwa dhaifu, ya rangi ya chungwa. Nikafungua kifuniko cha distributa, vibano viwili tu, na hapo ndipo palipokuwa na mkosi. Pointi, yale meno mawili yanayogusana na kuachana ili cheche ipatikane, hayakuwa yanaachana vya kutosha. Kile kikanyagio cha plastiki kinachosukumwa na shafti kilikuwa kimelika na kubaki kama ukucha. Nilikuwa nimezinunua wiki tatu kabla, duka ambalo silitaji, zikiwa kwenye boksi lenye maandishi ya kuvutia na bei ya kuvutia zaidi.

Sikuwa na kipimo. Mjomba alikuwa na pakiti ya sigara. Nikamwomba Mama Neema azungushe handeli taratibu, taratibu, mpaka nundu ya shafti ikasukuma pointi mahali pa mbali kabisa, nikamwambia acha. Nikakata kipande cha karatasi ngumu ya pakiti, nikakiweka katikati ya meno, nikalegeza skrubu, nikasogeza mpaka karatasi ikawa inapita kwa kusitasita, nikakaza. Inatakiwa kama sehemu nne za kumi za milimita, na karatasi ile haiko mbali na hapo. Ikawaka. Mjomba akaomba pakiti yake, akakuta sigara tatu zimemwagikia kwenye oili. Tulifika Karatu saa nane mchana, na tangu siku hiyo natembea na pointi kuukuu za kiwandani nilizozitoa kwenye 109 iliyokufa. Zina madoa, lakini zinafanya kazi kuliko mpya za yule bwana.

Kuendesha kwenyewe kunataka uvumilivu. Gia zote nne za mbele zina sinkro, ile inayofanya gia iingie bila kukwaruza, tofauti na Series II, ambazo gia ya kwanza na ya pili lazima uzibembeleze. Usukani unacheza kidogo. Unauongoza kama unavyoongoza punda, kwa kumkumbusha. Breki ni za dramu mbele na nyuma, unazirekebisha mwenyewe kwa spana nyuma ya kila gurudumu, na ukipita kwenye maji uikanyage breki mara kadhaa ikauke kabla ya kuiamini. Ukivuka themanini mnaongea kwa kupiga kelele. Mafuta inakula lita moja kwa kilomita sita, na hiyo ni siku ambayo haina haraka.

Lakini iondoe lami. Kijiti chenye kichwa cha manjano unakikandamiza chini, magurudumu yote manne yanavuta. Kijiti chenye kichwa chekundu unakirudisha nyuma ukiwa umesimama, unapata gia nzito, na gari inapanda tope jeusi la mashamba ya Monduli kwa mwendo wa mtu anayetembea, bila wewe kugusa mafuta. Mwaka 2011, watu walipokuwa wanamiminika Samunge kunywa kikombe cha Babu, niliona 109 zilizokuwa zimeotewa na majani zikifufuliwa kwa wiki moja na kupelekwa huko. Baadhi ya viti vyake nilishona mimi.

Viti basi, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mto wa kukalia ni wa mraba, mgongo ni ubao wenye nyama kidogo, na kati ya goti na usukani hapana nafasi ya mtu mwenye kitambi. Nilikuta sponji imegeuka unga. Nimeweka sponji ngumu ya inchi tatu, juu yake inchi moja laini, nikafunika kwa leza nyeusi isiyo na mng'ao, mshono mmoja wa pembeni kama wa mwanzo. Wateja wameniuliza kwa nini sikuweka ile ya mshono wa almasi yenye uzi mwekundu. Hapana. Hata grili ya mbele ya plastiki yenye matundu, ambayo Series III ilipewa badala ya wavu wa chuma wa ndugu zake wa zamani, nimeiacha, ingawa ule wavu ungenifaa kuchomea nyama.

Spea si tatizo kama watu wanavyodhani. Springi, bushi, klachi, mipira ya breki, vyote Arusha vipo, na kisichokuwepo kinatoka Gerezani, Dar, kwa basi la usiku. Tatizo ni kutofautisha cha kweli na cha boksi zuri. Kwenye msafara wa Land Rover wa Oktoba 2024 hapa mjini nilichemsha rejeta kwa kwenda polepole mno, na katika dakika ishirini za kusubiri ipoe nilipata namba za simu za watu wanne wenye vyuma vya kweli uani kwao.

Kama ni gari lako pekee, la kupeleka watoto shule na kuwahi kazini, usinunue. Mimi nina pikipiki ya kazini.

Kilichobaki kunishinda ni mvua. Chini ya kioo cha mbele kuna vifuniko viwili vya kuingiza hewa, na cha upande wangu kinavuja tone moja moja juu ya goti la kulia. Nimebadilisha raba mara mbili. Ya tatu nimeikata mwenyewe kwenye mpira wa tyubu, nimeibandika jana, na mawingu ya Meru leo asubuhi ni mazito.