Watoto wa Mombasa kambini Naivasha: uzoefu wangu kama mzazi msindikizaji

Shule ya mwanangu, iliyoko Mombasa, iliwapeleka wanafunzi wa Gredi ya 6 kwenye kambi ya michezo ya nje karibu na Ziwa Naivasha, nami nikafuatana nao kama mzazi msindikizaji. Jina la kambi sitalitaja, kwa kuwa yapo niliyoyapenda na yapo yaliyoniudhi, na wasimamizi tumekwisha kuwaeleza yote ana kwa ana. Ninachokusudia ni kumsaidia mzazi au mwalimu anayeifikiria safari kama hii ajue hasa analipia nini. Kwa maoni yangu, analipia wakufunzi. Kamba, mahema na baiskeli vinapatikana katika kambi nyingi, lakini mtu anayejua namna ya kusema na mtoto wa miaka 11 aliyeganda juu ya nguzo, huku wenzake wote wakimtazama kutoka chini, si rahisi kumpata.

Safari ni ndefu. Tulipanda treni ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa hadi Nairobi, asubuhi pale Miritini, tukashuka Syokimau mchana, na kutoka hapo basi likatuteremsha Bonde la Ufa kwa njia ya Mai Mahiu. Shule za Nairobi zina takribani kilomita 90 tu. Za Pwani zitenge siku nzima ya kwenda na nyingine ya kurudi, na zikatae ratiba inayowataka watoto waanze michezo jioni ile ile wanapofika. Ratiba yetu ilikuwa hivyo, na ilibidi mwalimu wa darasa aingilie kati ndipo watoto wakaachwa wale na kulala.

Asubuhi iliyofuata ndipo nilipoanza kuiheshimu kambi ile. Kabla ya mtoto yeyote kupanda, mkufunzi aliwakusanya chini ya nguzo akawaonyesha mkanda wa usalama: unavyopita mapajani na kiunoni, bizimu lake linavyofungwa, na jinsi ya kulivuta kwa nguvu kuhakikisha kwamba limeshika. Baada ya hapo kila mtoto alikaguliwa na mwenzake, kisha na mkufunzi, kisha na mkufunzi wa pili aliyesimama mwanzo wa ngazi, ambaye hakukubali kuambiwa kwamba mwenziwe amekwisha kukagua. Kamba ya kumzuia anayepanda asianguke ilishikwa na mkufunzi mwenyewe, na nyuma yake watoto watatu wakaishika ncha kama akiba. Mwanangu, ambaye nyumbani hutumwa dukani akarudi na kitu kingine, aliishika kamba ile kwa umakini ambao sikuwahi kuuona kwake.

Jambo la pili ni kwamba hakuna aliyelazimishwa. Msichana mmoja alifika nusu ya ngazi akasema hataki kuendelea. Wenzake walianza kumzomea kwa utani, na mkufunzi akawanyamazisha papo hapo, akamuuliza msichana yule kama angependa kukaa pale alipo kidogo au kushuka. Alichagua kushuka, akapewa kazi ya kukagua kofia za wanaofuata, na kazi hiyo akaifanya mpaka mwisho bila ya mtu kumrudia na maneno ya «jaribu tena». Mimi nimesoma enzi ambazo mtoto mwoga alisukumwa, kwa hiyo nilikuwa tayari kubishana na mtu. Sikupata wa kubishana naye.

Siku ya baiskeli tulikwenda Mbuga ya Taifa ya Hell's Gate, mojawapo ya mbuga chache nchini ambako mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli miongoni mwa wanyama. Watoto waliwapita pundamilia na ngiri kwa umbali mdogo sana, na chini ya mwamba wa Fischer's Tower pimbi walikuja hadi miguuni mwao wakitafuta makombo, ingawa kuwalisha kumekatazwa. Nyati tuliwaona kwa mbali, na mkufunzi akausimamisha msafara mzima mpaka walipoondoka karibu na barabara. Katika korongo jembamba lililomo mbugani hatukuingia, na kwangu hilo ni sifa kubwa. Mwaka 2012 na tena mwaka 2019 mafuriko ya ghafla yaliwaua wageni ndani ya korongo lile, kwa sababu mvua ikinyesha mbali huko juu, maji huweza kufika chini wakati anga ya hapo ulipo ni kavu. Mkufunzi aliwaeleza watoto jambo hilo waziwazi badala ya kuwaambia tu kwamba pamefungwa. Kambi ikikuahidi korongo, uliza maswali mengi kabla ya kulipa.

Sasa yaliyoniudhi. Orodha ya vitu tuliyotumiwa ilitaja «sweta moja». Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na usiku halijoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10. Mtoto wa Likoni au Kisauni, kwetu Mombasa kwenye joto, hana sweta ya baridi ya namna hiyo, na wengine hawana kabisa. Usiku wa kwanza walimu walikwenda hema kwa hema wakigawa mablanketi ya kambi, ambayo hayakutosha, na baadhi ya watoto wakalala wawili wawili. Maji ya moto tuliyoahidiwa yaliisha kabla ya nusu ya watoto kuoga. Isitoshe, kiingilio cha mbuga hakikuwamo katika bei tuliyopewa, nasi tukakijua siku yenyewe, huku malipo ya KWS, shirika la wanyamapori linalosimamia mbuga, yakifanywa kwa eCitizen tu, yaani mfumo wa serikali wa kulipia mtandaoni, na mtandao wa simu ukisuasua.

Chakula kilikuwa cha kutosha na nyama ilikuwa halali kama tulivyoomba, na palitengwa mahali pa kuswalia. Githeri, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, ilirudi jikoni karibu nzima, lakini hilo si kosa la mpishi. Simu zilikusanywa siku ya kwanza. Kila jioni mwalimu alituma ujumbe mmoja na picha kwenye kundi la wazazi, na kwa maoni yangu ulitosha. Usiku viboko hutoka ziwani kuja kula majani, na sauti zao zinasikika kana kwamba wako mlangoni. Kambi ina uzio wa umeme upande wa ziwa na askari anayezunguka hadi alfajiri, na mtoto anayetaka kwenda msalani huamsha mtu mzima kwanza.

Shule imekwisha kuomba nafasi ya mwezi wa Februari, kabla ya mvua za masika. Tumeomba bei moja inayojumlisha mbuga, na orodha ya nguo safari hii tutaiandika wenyewe.