Barua za Darwin na wenzake wa mimea, bure mtandaoni: uzoefu wangu

Naandika hii kwa ajili ya walimu wenzangu wa bayolojia, wanafunzi wa kidato cha tano na sita na yeyote anayependa mimea, maana kila nikiitaja hii tovuti watu wananiuliza ndo nini hiyo. Inaitwa Darwin Correspondence Project, ni ya Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, na humo wameweka barua alizoandika na alizoandikiwa Charles Darwin, zaidi ya 15,000 aisee, na zote ni bure, hulipii hata mia na hujisajili popote. Kazi yenyewe ilianza 1974, kitabu cha kwanza cha barua hizo kikatoka 1985 na cha mwisho, cha 30, kimetoka 2023, kwahiyo unachokisoma pale ni jasho la watu la karibu miaka hamsini na inaonekana kabisa.

Mi nimejikita kwenye barua za mimea. Huku kwetu ukitaja Darwin mtu anawaza nyani tu, wakati mzee miaka yake mingi ya mwisho aliimalizia kwenye mimea, maua ya okidi, mimea inayokwea, mimea inayokula wadudu, na watu aliokuwa anaandikiana nao sana ni wataalamu wa mimea. Namba moja ni Joseph Hooker wa bustani ya mimea ya Kew kule London, hawa wameandikiana barua kama 1,400 kuanzia 1843 mpaka Darwin anafariki 1882. Alafu kuna Asa Gray wa chuo cha Harvard kule Marekani, huyu barua zake na Darwin zinafika kama 300.

Sasa kilichonifanya nisiachane nayo ni kwamba unapata pande zote mbili. Unasoma swali, unabonyeza barua inayofuata unasoma jibu, alafu jibu la jibu, yaani unaona wazo linavyosukumwa huku na huku na watu wawili ambao mmoja yuko kijijini Kent na mwingine yuko Kew, na hakuna anayejua litaishia wapi. Kwenye vitabu vyetu vya shule tunapewa mwisho wa stori tu, kwamba Darwin alisema hivi, basi.

Nitoe mfano niliousoma kwa muda mrefu kuliko yote, wa mbegu na maji ya chumvi. Mwaka 1855 Darwin alikuwa anasumbuliwa na swali la jinsi mimea inavyofika visiwani, kwamba je mbegu inaweza kuelea baharini wiki kadhaa ikafika nchi nyingine na bado ikaota? Akaanza kuloweka mbegu kwenye chupa za maji ya chumvi, figili, kabichi, saladi, karoti, vitunguu, na anamwandikia Hooker hatua kwa hatua. Hooker alitegemea zife mapema. Kuna barua ya Aprili 1855 Darwin anasema watoto wake nyumbani wamepata mzuka na hilo jaribio mpaka wanamuuliza baba hivi utamshinda Dokta Hooker? Na maji yenyewe yalioza, anasema harufu ile asingeiamini kama asingeinusa mwenyewe, na bado figili zikaota!

Alafu ndo likaja tatizo kubwa, mbegu zenyewe zinazama. Kama inazama basi hata ikiweza kuishi kwenye chumvi mwaka mzima haitakusaidia, itakaa chini ya bahari huko. Darwin anamwandikia Hooker kwa hasira ya kirafiki kwamba amejisumbua bure kuzitia chumvi hizo mbegu zisizo na shukrani. Mwingine angeishia hapo. Yeye akaanza upya na mimea iliyokaushwa, akakuta mambo yanabadilika, kwa mfano mmea wa asparaga wenye matunda yaliyoiva ukiwa mbichi ulielea siku 23 ila ukikaushwa unaelea siku 85. Hesabu yake ya mwisho ipo kwenye kitabu chake cha 1859, On the Origin of Species, kati ya aina 87 za mbegu 64 ziliota baada ya kulowekwa siku 28, na chache zikavumilia siku 137. Hizo namba nilikuwa nazifahamu kabla, lakini sikuwahi kujua kwamba nyuma yake kuna chupa zinanuka na rafiki anabisha na watoto wanashangilia.

Na haikuishia hapo. Desemba 1856 anamwandikia Hooker kwamba mwanae Franky, mtoto wa miaka nane tu, kamuuliza kwani ndege hawezi kuuawa na mwewe au radi akiwa na mbegu kwenye gole lake (kile kifuko cha chakula shingoni), alafu mzoga ukaelea? Baba mtu akafanya kweli, akachukua njiwa aliyekufa mwenye mbegu kwenye gole akamwelesha kwenye maji ya chumvi siku 30, mbegu zikatolewa zikapandwa zikaota vizuri kabisa. Huyo Franky ndo Francis Darwin aliyekuja kuwa mtaalamu wa mimea na kufanya majaribio pamoja na baba yake. Hii barua nimewasomea wanafunzi wangu darasani na darasa lilichangamka kuliko kipindi chochote cha mada ile, kuna mmoja akauliza palepale kama nazi nayo tunaweza kuipima hivyohivyo, tukaongea habari ya nazi mpaka kengele ikalia.

Turudi kwenye huduma yenyewe. Kila barua ina namba yake, tarehe, nani kaandika na nani kaandikiwa, muhtasari mfupi juu, alafu barua kamili, na chini kuna maelezo ya wahariri. Haya maelezo ya chini msiyaruke jamani. Darwin alikuwa na tabia ya kuandika "Ijumaa" tu bila mwezi wala mwaka, kwahiyo wahariri wamekaa wakalinganisha mambo yaliyotajwa ndani, nani alikuwa mgonjwa, kitabu gani kilikuwa kimetoka, mpaka wakaipata tarehe, na tarehe ya namna hiyo wanaiwekea mabano ya mraba ujue kwamba ni wao wamekadiria. Kingine, mzee alikuwa anazikata barua za watu kwa mkasi! Kipande kinachoongelea okidi anakiweka kwenye faili la okidi, kinachoongelea njiwa kwenye faili la njiwa, basi wahariri wamevikusanya na kuviunga upya, ndo maana barua nyingine utaikuta imekatika katikati. Mtu akiniuliza uhariri wa uaminifu ukoje namwonyesha hapa, wanakuambia kipi kipo, kipi kimepotea na kipi wanakisia.

Barua maarufu kuliko zote ni namba 729, ya tarehe 11 Januari 1844, Darwin anamwambia Hooker kwamba ameanza kuamini spishi hubadilika, na kwamba kulisema hilo ni kama kukiri kuua mtu. Hiyo wengi wameisikia. Ila mi nawashauri msome na jibu la Hooker la mwezi huohuo, maana ni la mtu mtulivu sana, hashtuki wala hapingi, anasema huenda mabadiliko ya polepole yapo na atafurahi kusikia Darwin anafikiri yanatokeaje kwa sababu maelezo yaliyopo hayajamtosheleza. Hapo Hooker ana miaka 26, karudi juzijuzi kutoka safari ya bahari ya kusini. Naamini kabisa lile jibu ndo lilimpa Darwin moyo wa kuendelea kumwaga mambo yake kwa huyu kijana.

Barua za Gray nazo zina uzito wake. Ile ya Septemba 1857 ambayo Darwin anamwelezea nadharia yake ya jinsi spishi zinavyobadilika kwa ufupi ndo iliyosomwa mbele ya wanasayansi London tarehe 1 Julai 1858 pamoja na andiko la Alfred Wallace, mwanasayansi mwingine aliyefikia wazo hilohilo, kuonyesha kwamba Darwin alikuwa na wazo hilo kabla andiko la Wallace halijamfikia. Yaani barua ya kawaida tu kwa rafiki ikawa ushahidi. Siku ile Darwin mwenyewe hakuwepo, mtoto wake mdogo alikuwa amefariki siku chache nyuma. Baadaye 1860 wanabishana na Gray kuhusu Mungu na maumbile, Gray ni mtu wa kanisa hasa, na wanabishana kwa heshima mpaka unatamani mijadala yetu ya siku hizi iwe hivyo.

Kuna upande wa huzuni sikuutegemea. Septemba 1863 Hooker anafiwa na binti yake wa miaka sita na saa moja tu baadaye anashika kalamu kumwandikia Darwin, anamwambia kwenye majonzi yake anamfikiria yeye kuliko rafiki mwingine yeyote, maana Darwin naye alifiwa na binti yake Annie mwaka 1851. Niliisoma nikafunga laptopu kidogo.

Kwa watu wetu wa hali ya chini kwenye taaluma, msome barua za John Scott. Huyu alikuwa mfanyakazi wa bustani ya mimea ya Edinburgh kule Uskoti, hana cheo kikubwa, na mwaka 1862 akamwandikia Darwin kumwambia kwamba kwenye kitabu chake kipya cha okidi kuna mahali amekosea kuhusu aina moja. Darwin akamjibu haraka, akamshukuru, akakiri amestuka, na kutoka hapo wakaandikiana barua nyingi ndefu za majaribio. Mwishowe Darwin akamsaidia kupata njia ya kwenda India na Scott akafanya kazi bustani ya mimea ya Calcutta. Wanawake nao wamo, Lydia Becker wa Manchester alimtumia maua, Mary Treat wa New Jersey alimwandikia kuhusu mimea inayonasa wadudu.

Na kuna kitu cha karibu na kwetu. Januari 1862 Darwin aliletewa boksi la okidi likiwa na ua la Madagascar lenye mrija wa nekta wa karibu futi nzima, akamwandikia Hooker kwa mshangao, ni mdudu gani huyu anayeweza kunyonya humu! Akatabiri lazima kuna nondo mwenye ulimi mrefu hivyo. Nondo wa Madagascar akaelezwa kisayansi 1903, Darwin hayupo tena duniani, na ndugu yake wa karibu anapatikana huku bara la Afrika pia. Ukitaka ya Zanzibar basi tafuta barua za John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alizokuwa anawapelekea Kew, huyo aliandika kuhusu msandarusi na mambo mengi ya pwani, ila hizo zipo kwenye nyaraka za Kew, ni hifadhi nyingine.

Mapungufu? Kiingereza ni cha zamani na Darwin anaruka kutoka jambo moja kwenda lingine bila taarifa, mwanafunzi atahitaji mwalimu pembeni. Majina ya mimea ni ya Kilatini na mengine yameshabadilika. Ila kwa maandishi matupu haili bando, hata simu ndogo inatosha. Nimewahi kulipia hifadhi nyingine ya barua za zamani, siitaji jina, nikakutana na picha za kurasa tu, hakuna aliyezichapa, hakuna maelezo, unakodoa macho kwenye mwandiko wa mkono mpaka unachoka. Hii ya bure imeizidi mbali.

Kwa anayeanza, asianze na barua ya kwanza kabisa akashuka nazo, atachoka. Sachi jina la Hooker, chagua mwaka 1855, fuata mbegu mpaka kwa yule njiwa, alafu hamia kwa Scott 1862. Na ukipata barua uliyoipenda nakili namba yake kwenye daftari, maana kichwa cha barua ni jina na tarehe tu na Hooker ana barua kama 1,400, kuitafuta tena kwa kumbukumbu ni kazi.