Silk kwenye sebule yenye giza: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka: silk (rangi ya maji yenye mng'ao kiasi) nyeupe ya maziwa niliyopaka ukutani nimeipenda, ila mwanga mwingi ulioingia ndani umetokana na rangi niliyopaka nje, kwenye ukuta wa fensi unaotazamana na dirisha. Dukani hakuna aliyenitajia habari hiyo.

Nyumba yetu ipo Tabata, Dar es Salaam. Madirisha ya sebule na chumba cha watoto yanatazama fensi ya tofali za saruji, hatua chache tu kutoka ukutani. Juu bati limenyooshwa ili mvua isipige ndani, dirishani kuna nondo, na nyuma ya nondo wavu wa mbu. Saa saba mchana tulikuwa tunawasha taa. Ukutani kulikuwa na krimu iliyokolea, rangi ya maji ya bei ya chini. Ukipitisha kiganja unatoka na unga kama uliyekuwa unasukuma chapati. Rangi za namna hiyo huwekewa unga mwingi wa kalsiamu na gundi kidogo, ilhali kinachofunika ukuta na kurudisha mwanga vizuri ni titani dioksaidi, nayo ni ghali. Ndiyo maana ndoo mbili zenye jina moja la rangi zinaweza kupishana bei sana.

Kwenye kuchagua rangi nilisaidiwa na namba. Kadi za baadhi ya kampuni zina herufi LRV nyuma yake, kipimo cha mwanga unaorudishwa na rangi: 0 ni nyeusi kabisa, 100 ni nyeupe kabisa. Niliamua kutoshuka chini ya 75, na kijivu chepesi nilichokuwa nimekipenda kwenye simu kikaachwa hapohapo. Nyeupe pee nayo sikuichukua. Kwenye kivuli inageuka kijivu, na ukiwasha zile taa nyeupe za kelvini 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga) zilizojaa madukani inavuta kwenye samawati. Mashine ya kuchanganyia ikaidondoshea njano kidogo sana, ikatulia. Omba wakuchanganyie kopo dogo kwanza, ulipake kwenye kona yenye giza kuliko zote, si karibu na dirisha, uitazame asubuhi, mchana na usiku.

Jambo moja la mtandaoni lilinichekesha. Kila mahali wanaonya kuhusu vyumba vinavyotazama kaskazini, kwamba havipati jua. Huo ni ushauri wa Uingereza. Dar ipo karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Mwezi Juni jua la adhuhuri linapita kaskazini mwetu, Desemba linahamia kusini. Dirisha la kaskazini hapa linapata zamu yake ya jua kama kawaida. Wewe angalia ni kitu gani kimesimama mbele ya dirisha lako.

Sasa silk. Watu wanaamini inaongeza mwanga kwa sababu inang'aa. Kwa rangi ileile, silk na mati (isiyong'aa) zinarudisha mwanga unaokaribiana. Tofauti ni kwamba mati inautawanya kila upande, silk inaupeleka mwingine upande mmoja, ndiyo ule mng'ao unaouona ukisimama pembeni. Mimi nililipia ziada kwa ajili ya kufutika. Kuzunguka swichi ya chumba cha watoto kuna vidole vya kila aina, na kitambaa chenye maji ya sabuni kinaviondoa bila ukuta kutoa unga.

Mng'ao huohuo unaumbua ukuta mbovu. Fundi alinitahadharisha mapema: "Dada, silk haifichi kitu. Tusipopiga skimu ya maana, jioni ukiwasha taa utaona milima na mabonde." Skimu ni lile tabaka laini la kusawazisha ukuta kabla ya rangi. Nikamwambia, "Basi fundi, piga skimu, siku ya ziada nitakulipa." Akazima taa ya chumba, akailaza tochi ya simu ukutani, mwanga ukapita juu ya plasta, na kila uvimbe ukatoa kivuli. Akaweka alama kwa penseli, msasa ukafuata. Hata hivyo ukuta mmoja, ule ambao mwanga wa dirisha unaupiga kwa ubavu, tuliupaka mati, maana hapo hata skimu nzuri inaonekana. Dari ni mati nyeupe.

Turudi kwenye fensi. Niliipaka rangi ya maji ya nje, nyeupe isiyong'aa, kwa sababu inayong'aa ingetuchoma macho. Ilipokamilika koti ya pili, ndani bado tulikuwa kwenye skimu, hakuna ukuta uliokuwa umeguswa na rangi, na tayari gazeti lilikuwa linasomeka kwenye kochi la ndani kabisa bila taa. Jua la asubuhi linaipiga fensi, fensi inalitupa dirishani, linapanda darini, linashuka. Bajeti ikiwa ndogo, anza hapo, hata kwa chokaa. Kero yake ni matope ya masika yanayoruka chini, kwa hiyo futi mbili za chini tumezipiga kijivu.

Nondo zilikuwa nyeusi, sasa ni nyeupe; imesaidia kidogo.

Milangoni usikimbilie rangi ya mafuta nyeupe. Zile za alkidi (gundi inayotumika kwenye rangi nyingi za mafuta) huwa njano sehemu zisizopata mwanga. Mlango wetu wa zamani ulikuwa na kalenda iliyokaa miaka, tulipoibandua tukakuta chini yake mstatili wa njano iliyokolea, mlango wenyewe ukiwa na unafuu. Kwenye chumba chenye giza hilo litaupata mlango mzima. Nilitumia glosi ya maji, yaani rangi ya kung'aa isiyo ya mafuta: haing'ai sana kama ya mafuta, na ukiwahi kuufunga mlango unagandia kwenye fremu, lakini imebaki nyeupe.

Malalamiko yangu kwa silk ni kwenye marekebisho. Meza ilikwangua ukuta, nikagusia palepale kwa brashi na rangi ileile iliyobaki ndooni, na mpaka leo pale pana kiraka kinachong'aa tofauti na kwingine. Hapo dawa ni kurudia ukuta mzima kwa rola, kona hadi kona, kwa hiyo nunua na ya akiba siku hiyohiyo, kwenye mchanganyiko uleule.