Ubuntu na Windows kwenye kompyuta moja: aliyeniharibia ni fundi

Naandika nikiwa bado na hasira, mtanisamehe. Kama una mifumo endeshi miwili kwenye kompyuta moja, usimkabidhi fundi asiyeijua Linux, jamii ya mifumo ambayo Ubuntu ni mmoja wao. Na kama huna fundi mwingine, bora ubaki na Windows yako peke yake.

Kazi yangu ni kusikiliza rekodi za mahojiano na kuziandika. Windows niliiacha kwa ajili ya programu moja ya ofisini, lakini kazi zote zilikuwa upande wa Ubuntu. Mifumo hiyo miwili ilikaa pamoja vizuri kabisa. Kero ilikuwa saa tu: nikitoka Ubuntu kuingia Windows, saa inarudi nyuma kwa saa 3, maana Ubuntu huweka saa ya mashine kwa majira ya UTC (saa ya kimataifa), na Windows huisoma kana kwamba ndiyo saa ya huku kwetu. Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, ikaimaliza.

Juzijuzi menyu ya kuchagua mfumo ikapotea, mashine ikawa inaingia Windows moja kwa moja. Nilikuwa nabanwa na kazi, nikapita kwa fundi Kariakoo. Nikamwambia kwa kinywa changu: "Kaka, Ubuntu imo humo, ila haionekani wakati wa kuwasha. Naomba usifute kitu." Akaitikia macho yakiwa kwenye simu.

Niliporudi, anafurahi kabisa: "Dada, nimekusafishia mashine. Kulikuwa na patisheni haina hata herufi, mambo ya wadukuzi hayo. Sasa C yako imekuwa kubwa."

Miguu iliniisha nguvu. Kipande hicho cha diski hakina herufi, kama ile C, kwa sababu Windows haisomi ext4, mpangilio wa mafaili unaotumiwa na Ubuntu! Nilipomwambia kazi yangu yote ilikuwa humo, akacheka. "Mwanamke na Linux wapi na wapi? Tumia vitu vya kawaida." Na elfu thelathini yake akaidai yote, mbele ya wateja.

Nyumbani nikaingia kwenye BIOS, mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka. Jina la ubuntu bado lilikuwepo kwenye orodha, chini ya Windows Boot Manager. Lilihitaji kupandishwa juu, basi! Nilipolichagua, skrini nyeusi, na neno grub> pekee pale juu kushoto, yaani programu ya kuiwasha Ubuntu ipo ila haioni cha kuwasha. Mlango ameuacha, nyumba ameibomoa.

Aliyeniokoa ni kijana wa chuo, jirani yetu. Kitu cha kwanza aliniambia: "Zima, dada, isiandike chochote kwenye diski." Akaiwasha kwa Ubuntu iliyo kwenye flashi, akaendesha PhotoRec, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, mafaili akayaweka kwenye diski ya nje. Mengi yamerudi, lakini majina yamekufa: f0412736.odt, f0413992.odt, yamejaa namna hiyo. Nafungua moja moja kujua mahojiano yapi ni ya nani. Rekodi nyingine zinakatika katikati, na wale wazee waliohojiwa siwezi kuwarudia niwaambie waanze upya.

Hapo juu nimesema ubaki na Windows peke yake. Nafuta kauli. Mifumo ile haikunikosea chochote, na aliyerudisha kazi yangu ni Ubuntu hiyohiyo iliyoitwa takataka ya wadukuzi. Nikimaliza kupanga mafaili naiweka tena, safari hii kwenye diski yake yenyewe. Mafundi waungwana wapo, sikatai. Ila elfu thelathini yangu naifuata, na nitaidai mbele ya wateja vilevile.